Altra, Topo, Hoka au Salomon: raba ipi ya porini itaukaa mguu wako?

Mlima Longonot unaweza kuupanda na karibu kiatu chochote. Nimewaona vijana wakifika ukingo wa kreta na raba za turubai, tena wakiwa wamenitangulia. Kiatu husema ukweli wakati wa kushuka. Kilele kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na ukishamaliza kuzunguka ukingo, kama kilomita 7 hivi, unateremka juu ya vumbi la majivu ya volkeno lililotandazwa juu ya mwamba mgumu. Kila hatua mguu unasukumwa mbele ndani ya kiatu, na kila hatua kidole gumba kinagonga. Mara yangu ya kwanza nilivaa raba zilizonikaa vizuri kabisa nilipozijaribu sebuleni. Wiki mbili baadaye nilikuwa na kucha mbili nyeusi, na moja iling'oka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasaidia watu wa kikundi chetu cha Jumamosi kuchagua raba za porini, na karibu wote huanza na swali lilelile: "Ninunue Hoka au Salomon?" Huwa nawaomba kwanza wavue soksi. Jina la kiatu litafuata.

Niseme neno moja kuhusu buti, maana wapo wanaoamini kwamba mlima ni buti tu. Buti la ngozi lina nusu kilo au zaidi kila mguu, ilhali raba ya porini ina gramu 300 hivi, na uzito wa miguuni humchosha mtu mara kadhaa kuliko uzito uleule mgongoni. Ukikanyaga kijito, raba ya wavu itatoa maji na kukauka ukiwa unatembea. Buti lenye utando wa Gore-Tex usiopitisha maji, maji yakishaingia kwa juu, huyahifadhi kama mtungi. Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wa mitumba hawaambiwi: soli za buti nyingi zina tabaka la polyurethane, aina ya plastiki, na tabaka hilo huharibiwa na unyevu wa hewa hata buti likikaa kabatini bila kuvaliwa. Mwenzetu mmoja soli zake zote mbili zilibanduka siku moja, akashuka vilima vya Ngong amezifunga kwa kamba za begi. Kama unabeba mzigo mzito wa siku kadhaa, au kifundo chako kiliwahi kuvunjika, chukua buti na sitabishana nawe. Kwa matembezi ya siku moja kutoka Nairobi na kurudi, raba inatosha, mradi ikukae.

Mguu wenyewe

Pima jioni. Baada ya siku nzima ya kusimama na kupanda matatu, mguu huwa umevimba kidogo, na mlimani utavimba zaidi. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa kimegusa ukuta, uzito wote uwe kwenye mguu huo, na mtu mwingine atie alama mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote. Lazima awe mtu mwingine, kwa sababu ukiinama mwenyewe uzito unahama na kipimo kinapungua. Usidhani kirefu ni kidole gumba. Kwa baadhi ya watu ni cha pili. Kisha pima upana pale mguu unapotanuka, nyuma kidogo ya vidole. Rudia kwa mguu wa pili. Miguu miwili mara nyingi hutofautiana, na kiatu hununuliwa kwa ule mkubwa.

Nitatumia miguu miwili katika ulinganisho huu, wangu na wa mdogo wangu. Wangu wa kulia una urefu wa sentimita 25.4 na upana wa 10.3, kisigino changu ni chembamba. Wake una sentimita 25.2 na upana wa 9.2, na mgongo wa wayo wake umeinuka. Dukani sote tunaitwa namba 40. Hatujawahi kupata raba moja iliyotufaa sote wawili.

Namba ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Namba moja ya Ulaya ni milimita 6.7 hivi, namba moja ya Uingereza ni 8.5, na nusu yake ni 4.2, kwa hiyo ukibadilisha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kuna milimita zinazopotea njiani. Namba za Marekani za wanawake ziko juu ya zile za wanaume kwa moja na nusu. Ninachoangalia mimi kwenye kitambulisho kilichoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu ni sentimita, zilizoandikwa CM au JP. Nachukua urefu wa mguu wangu mkubwa, naongeza sentimita moja au kidogo zaidi kwa ajili ya mteremko, na hapo ndipo naanza kujaribu. Naanza tu, maana kila kampuni ina kalibu yake.

Sasa umbo. Watu wengi wenye mguu mpana hufanya kosa ambalo nimelifanya miaka mingi: kiatu kikiwabana pembeni, wanachukua kirefu zaidi. Upana unaongezeka kidogo, ndiyo, lakini pale kiatu kinapokunjika panahama mbele na hapalingani tena na pale mguu unapokunjika. Kisigino kinaanza kuinuka, unakaza kamba ili kukishika, mgongo wa wayo unauma, na kwenye mteremko mguu wote unateleza hadi mbele. Kucha zangu za Longonot zilipotea hivyo, ndani ya kiatu kirefu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji mashine. Toa soli ya ndani, iweke chini, simama juu yake bila kiatu. Kisigino kikae katikati ya kibonye chake. Kidole cha mwisho kikimwagika nje ya ukingo, au kidole gumba kikiwa juu ya mpaka, kiatu hicho ni chembamba kwako, na urefu hautakusaidia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Ukiona sponji nyingi tupu pande zote, kiatu kitapwaya, na kupwaya huleta malengelenge sawasawa na kubana.

Viatu vyenyewe

Nimechagua hivi vinne kwa sababu vimetofautiana kweli kwa umbo, na kwa sababu kwa subira utavipata Nairobi, vipya au mtumba.

Altra Lone Peak ndiyo ambayo mtu aliyekulia peku huivaa na kutabasamu. Upande wa vidole umekatwa kwa umbo la mguu wenyewe, kidole gumba kikikaa moja kwa moja bila kusukumwa ndani, na kwa miaka mingi imeshonwa kwa umbo pana kuliko yote matatu ya kampuni hiyo, wanaloliita Original. Miguu ya wengi wetu tulioenda shule ya msingi bila viatu ilitanuka ikiwa ingali inakua, na vidole vikazoea kufunguka kila tunapokanyaga. Ukiitia miguu hiyo kwenye raba iliyochongoka, ni kama unaukunja mkono uliozoea kuwa wazi.

Lone Peak haina mwinamo hata kidogo: kisigino na vidole viko kwenye kimo kimoja, milimita 25 za sponji na soli kutoka ardhini. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika, na naisisitiza kwa sababu nimeona watu wakiumia. Mtu aliyevaa viatu vya kisigino cha juu ofisini miaka kumi, kano yake ya kisigino imezoea ufupi. Akiingia Altra Ijumaa na kwenda Ngong Jumamosi, mashavu ya miguu yatamwaka siku nne, au kano itavimba na kumweka nyumbani kwa wiki kadhaa. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa wa hapa Kenya, wakaonyesha kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na kwamba waliozoea viatu hutua kwa kisigino. Kwa mtembeaji ninalichukua hivi: mazoea ya mwili ni ya miaka, na hayabadilishwi kwa kununua kiatu. Kama uliacha kutembea peku ukiwa na miaka kumi, zivae kwanza kwenye msitu wa Karura, jijini Nairobi, kilomita 4 au 5, mara mbili kwa wiki, kwa mwezi mzima, kabla hujazipeleka mlimani.

Kwa mguu wangu sehemu ya mbele ni raha tupu. Kwa mdogo wangu, mguu unaogelea. Kwenye mteremko unahama kushoto na kulia, na hakuna ufungaji wa kamba uliowahi kumsaidia kabisa.

Topo Ultraventure ni ndugu wa karibu. Kampuni ya Topo Athletic ilianzishwa mwaka 2013 na Tony Post, aliyewahi kuongoza Vibram, kampuni ya kutengeneza soli, nchini Marekani, na soli za Ultraventure ni za Vibram. Nafasi ya vidole ni pana, lakini katikati na kisigino kinashikwa zaidi kuliko kwenye Altra, na mwinamo ni milimita 5, kwa hiyo kano haishtuki sana. Kwa mguu kama wangu, mpana mbele na mwembamba nyuma, hili ndilo umbo nililokuwa nalitafuta bila kujua jina lake. Ubaya ni kwamba si nyingi nchini. Nilingoja miezi mitano hadi namba yangu ikaonekana.

Hoka Speedgoat imepewa lakabu ya mkimbiaji Karl Meltzer wa Marekani, na kitu cha kwanza utakachokiona ni unene wa sponji. Magoti yaliyochoka huishukuru. Soli imepinda mbele kama mguu wa kiti cha kubembea, kwa hiyo mtu ambaye kidole gumba chake hakikunjiki vizuri anaweza kuviringika juu yake bila maumivu. Mjomba wangu mwenye miaka 61 alirudi milimani kwa sababu ya umbo hilo. Mwinamo ni milimita 4 au 5 kutegemea toleo. Soli ni Vibram Megagrip, inayoshika vizuri kwenye mwamba hata ukiwa na maji.

Kwa upana, Speedgoat ya kawaida ni ya mguu wa wastani, na huchongoka zaidi kuliko mbili za kwanza. Lakini kuna toleo pana, na wengi hulipita sokoni kwa kutojua kusoma herufi zilizo kando ya namba: kwa wanaume D ni upana wa kawaida na 2E ni pana, kwa wanawake B ni kawaida na D ni pana. Herufi hiyo moja inaweza kukuokoa. Neno la tahadhari ni kimo. Ukisimama juu sana, kisha ukakanyaga ukingo wa jiwe, kifundo kina safari ndefu ya kupinda. Kwenye vijia vya ng'ombe vya Ngong, vilivyochimbika upande mmoja, mtu mwenye vifundo dhaifu atalihisi hilo saa nzima.

Salomon Speedcross ni kinyume cha Altra karibu kwa kila jambo. Ni nyembamba, inaushika mguu kama kiganja kilichofumba, mwinamo wake ni milimita 10, na chini ina meno marefu ya milimita 5 yaliyoachana vya kutosha tope lianguke lenyewe. Kwa mdogo wangu ndiyo imemaliza mjadala. Kisigino hakiinuki, mgongo wa wayo umefungwa sawasawa, na mwinamo ule unamfaa kwa kuwa kazini huvaa viatu vilivyoinuka. Mtu mwenye mguu wangu asiilazimishe. Kuna toleo lake pana, ila mitumbani ni nadra kuliona.

Kamba yake ni uzi mwembamba mgumu unaovutwa mara moja na kubanwa kwa kifungo. Ni haraka, na haifunguki. Lakini inakaza kiatu kizima kwa nguvu moja. Huwezi kulegeza mbele na kukaza juu, na ikikatika fundi wa mtaani hana ya kukubadilishia. Tena meno hayo ni ya udongo laini. Kwenye mwamba uliolowa hayashiki kama Megagrip, na ukizoea kutembelea lami kutoka nyumbani hadi stendi yataisha mapema.

Udongo wa huku kwetu huvuta kiatu kwa namna tofauti

Ulinganisho mwingi husema raba hii ni ya tope na ile ni ya mawe, basi. Mimi naangalia kile ambacho ardhi inaufanyia mguu ndani ya kiatu.

Tope huvuta kiatu kutoka kisigino. Kupanda Elephant Hill ya Aberdare kutoka Njabini, ndani ya mianzi, au kupita tope la njia ya Naro Moru ya Mlima Kenya juu ya kituo cha Met, mita 3,050, utazama hadi kifundo na kila hatua ardhi inajaribu kukuvua. Hapo kisigino kinachoshikwa kina thamani kuliko vidole vilivyo huru. Speedcross kwa mwembamba; kwa mpana, Topo iliyofungwa vizuri. Lone Peak niliyoipenda Karura ilinipwaya kisigino mle ndani, ikabidi nitembee nimekunja vidole ili isibaki nyuma.

Vumbi na mteremko husukuma vidole. Longonot ndiyo mfano, na Kilimambogo siku ya jua pia kwa kiasi chake. Nafasi mbele ya vidole ndiyo jambo la kwanza hapa. Halafu vumbi lenyewe ni laini kama unga, linapenya kwenye wavu na kujaa chini ya vidole, na ndani ya saa mbili kiatu kilichokuwa na nafasi kinakuwa hakina. Lone Peak ina kipande cha kunatia nyuma ya kisigino kwa ajili ya kinga ya kitambaa inayofunika mdomo wa kiatu, na kwa Longonot kinga hiyo ina kazi kweli. Bila kinga, kaa chini kwenye ukingo, vua, kung'uta, vaa tena kabla ya kuanza kushuka. Dakika tano hizo zimewaokoa watu wengi wa kikundi chetu.

Ngong na Karura ni rahisi zaidi kwa mguu. Karura kavu hata raba ya barabarani inatosha. Ngong mvua ikinyesha, udongo unaganda kwenye soli hadi kila mguu unakuwa na kilo ya ziada, na hapo meno yaliyoachana ya Speedcross hujisafisha vizuri kuliko meno mafupi yaliyobanana.

Mlima Kenya ni jambo jingine kwa sababu ya baridi. Usiku wa kwenda Point Lenana, mita 4,985, unatembea gizani kwenye kokoto zilizoganda, na soksi moja nyepesi haitoshi. Watu huongeza soksi ya pili ndani ya raba ileile, na raba iliyokuwa sawa sasa inabana, damu haifiki vidoleni, na vidole vinakuwa baridi zaidi kuliko vingekuwa na soksi moja. Ukinunua raba ukiwa na safari hiyo akilini, nenda sokoni na soksi nene utakazovaa siku hiyo. Nusu namba juu ni sawa hapo, na huo ndio wakati pekee ninaokubali kuongeza urefu.

Toi, Gikomba, na mguu wa mtu aliyetangulia

Raba mpya za majina haya ni ghali, na wengi wetu tunazipata mitumba. Mimi hupenda soko la Toi, asubuhi ya siku robota zinapofunguliwa. Lakini kiatu cha mtumba kina jambo ambalo kipya hakina: kimeshakaa mguu wa mtu mwingine. Sponji imebonyea pale alipokanyaga yeye.

Kwa hiyo weka jozi juu ya meza iliyonyooka na uangalie kutoka nyuma, usawa wa macho. Kisigino kikiinama ndani au nje, kiache, hata kiking'aa vipi. Kitaupeleka mguu wako ulikokuwa ukienda mguu wa mwenyewe wa kwanza. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Yenye mikunjo mingi iliyolala na isiyorudi imeisha. Raba ya porini hudumu kilomita 500 hadi 800 hivi, na meno yanaweza kuwa bado marefu wakati sponji imekwisha. Toa soli ya ndani: kama ni ya kwake asili, utaona alama za vidole vya mtu, na hapo una picha kamili ya mguu uliokitanua. Kama imebadilishwa na ya bei rahisi, kipimo cha kusimama juu yake hakina maana, ingiza mkono uhisi ndani. Linganisha namba za kushoto na kulia; nimewahi kufika nyumbani na 40 na 40 na nusu. Mwisho, toa magazeti yaliyosokomezwa ndani na usubiri dakika chache kabla ya kujaribu, maana karatasi zile zimekitanua kiatu kwa muda tu.

Mwezi wa Februari nilipata jozi safi ya rangi ya chungwa, meno kama mapya. Kijana aliniwekea kipande cha boksi chini nisichafue soli.

"Anti, hizo ni kamera, daraja la kwanza. Zimetoka kwa robota saa hii."

"Naona. Lakini zinanibana hapa, kidole cha mwisho."

"Hiyo itajifungua, Anti. Tembea nayo siku mbili tu."

"Kijana wangu, hii si ngozi. Hii haijifungui."

"Basi leta tatu na nusu."

Ilikuwa bei nzuri mno, na nilizishika kwa dakika nyingi kuliko nilivyopaswa. Ngozi hulainika na kufuata mguu. Wavu wa kutengenezwa, wenye plastiki iliyogandishwa juu yake, haufuati. Unavyobana sokoni ndivyo utakavyobana kwenye kilomita ya kumi, na mguu wakati huo utakuwa umevimba. Nikamwomba ubao. Alinipa kipande cha kreti, tukakiinua upande mmoja kwa tofali, nikasimama nimeelekea chini na kurukaruka kidogo, kisha nikapiga ncha ya kiatu chini mara tatu. Kidole kiligusa mara zote tatu. Nikamrudishia, akasema atanitafutia nyingine. Ubao huo na tofali sasa viko pale pale kando ya meza yake, na wateja wengine wanauomba.

Ukiwa umepata inayokukaa isipokuwa kisigino kinainuka kidogo, usiiache bado. Raba nyingi zenye kamba za kawaida zina matundu mawili ya juu kabisa yaliyokaribiana kila upande. Pitisha kamba kwenye tundu la mwisho upande uleule ili ibaki kitanzi kidogo, kisha pitisha ncha ya kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Kisigino kinarudi nyuma na mbele panabaki huru. Fanya hivyo ukiwa umesimama kileleni kabla ya kushuka, baada ya kugonga kisigino chini mara mbili ili mguu ukae nyuma.

Ninavyowaambia watu wa kikundi sasa ni hivi. Mguu mpana, umezoea peku au viatu bapa: Lone Peak, na mwezi wa subira Karura. Mpana mbele na mwembamba nyuma, au mpana lakini umezoea kisigino kilichoinuka: Topo, na kama huipati, Speedgoat yenye 2E au D ya wanawake. Wa wastani wenye magoti yanayolalamika: Speedgoat ya kawaida. Mwembamba, na safari zako ni za Njabini na msimu wa mvua: Speedcross, wala usitazame nyuma. Na kama umepata jozi iliyo nje ya orodha hii na imepita mtihani wa soli ya ndani na wa ubao, ichukue hiyo, kwa jina lolote.

Wiki ya kwanza nenda nayo Karura kutoka lango la Limuru Road, na soksi zilezile za mlimani, kilomita 6 au 7. Kidole kikigusa mbele kwenye vile vimteremko vidogo vya kwenda mtoni, usiipeleke Longonot. Irudishe sokoni ingali safi. Toi haikosi mguu wa kuitosha.